Nimeacha kazi za ubunifu za kujitegemea, nimeingia startapu: tuongee hesabu, mikataba na hizo hisa

#1 MchoraMistari (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Vijana wengi wananifuata kwenye ujumbe binafsi na swali lilelile: "Kaka, niache kuchora logo za watu niajiriwe na startapu (hizi kampuni changa za teknolojia)?" Badala ya kumjibu kila mmoja pembeni nimeona niweke uzi, na wenye uzoefu tofauti waje wanikosoe hapahapa.

Msimamo wangu nauweka mapema kwa wasiopenda kusoma marefu. Ukiingia startapu hujapata usalama. Umewaacha wateja kumi wadogo, umebaki na mteja mmoja mkubwa. Anaitwa mwajiri, anakukata NSSF, anakupa kiti na intaneti, ila kwa hesabu za mfukoni bado ni mteja. Naye anaweza kuishiwa. Naye anaweza kukuambia "wiki ijayo" mpaka mwezi ukaisha. Kwa hiyo mpime kama unavyompima mteja yeyote kabla hujafungua laptopu: hela anayo? Anachotaka anakijua? Anaahidi kwa maandishi au kwa mdomo?

Mimi niko Dar. Nilikuwa nafanya kila kinachofanywa na mbunifu wa mjini: logo, lebo za chupa za asali na mafuta ya nywele, mabango, kadi za harusi na za michango, posti za Instagram za maduka ya nguo, ripoti za mwaka za asasi (hizi ndizo zilikuwa zinalipa kodi ya nyumba, Mungu azibariki). Na wateja wa nje kupitia Upwork, ule mtandao wa kutafutia kazi. Sasa niko kwenye kampuni changa inayotengeneza programu ya simu kwa wenye maduka ya rejareja: mzigo ulioingia, mauzo, na watu wanaokopa. Jina la kampuni silitaji, msinisumbue.

Kwa nini nilitoka? Kwanza kazi za chini zimekauka. Canva, ile programu ya kujitengenezea michoro bila fundi, ilianza 2013, na kwa miaka mingi tuliicheka. Leo mwenye saluni anatengeneza posti yake mwenyewe akiwa anasubiri mteja akaushwe nywele. Zikaja na programu za akili bandia zinazotoa picha kwa sentensi moja. Mteja siku hizi hakuambii "nitengenezee", anakuambia "nimeshaanza, wewe nimalizie tu", na bei anataka ya kumalizia. Kazi kubwa zipo, lakini hazipo za kumtosha kila mtu, na kati ya kubwa moja na nyingine, zile ndogo ndizo zilikuwa zinatushikilia.

Halafu njia ya hela kufika. Kampuni ya hapa ikikulipa huduma inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, sawa, hiyo ni sheria, dai cheti chake tu ili kihesabiwe kwenye kodi yako. Nje ndiko kuna vituko. Fiverr wanachukua asilimia 20. Upwork walikuwa asilimia 10 kwa wote tangu 2023, na tangu 2025 makato yanabadilika kwa kazi na kazi, yanaweza kufika 15. PayPal ya Tanzania kwa miaka yote niliyohangaika nayo ilikuwa ya kutumia hela, si ya kupokelea, kwa hiyo unazunguka Payoneer, kisha benki, na kila mlango una mlinzi wa kumwachia chochote.

Ila sababu iliyonitoa hasa ni nyingine, nitaieleza huko chini mtu akiuliza. Hapa nataka tuanze na hesabu, maana wengi wanaanguka hapo.

Chukua ofa ya shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Kijana anaiona 1,800,000 na anailinganisha na mwezi wake bora wa kujitegemea. Sasa kata. NSSF yako asilimia 10 ni 180,000. Inabaki 1,620,000 ya kukatwa kodi ya mshahara. Kwa viwango vya Bara, 1,000,000 ya kwanza inabeba kodi ya 128,000, na kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30. Asilimia 30 ya 620,000 ni 186,000. Jumla ya kodi 314,000. Mkononi unapokea 1,306,000.

Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha. Na usiilinganishe na mwezi wako bora. Chukua taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, pamoja na ile Januari ambayo hakuna mteja anapokea simu, toa bando, LUKU, mafuta ya bodaboda kufuata cheki, gawa kwa 12. Nilipofanya hivyo nilikuta ofa iko juu kidogo tu ya wastani wangu. Kidogo, si sana. Lakini pia mwajiri anaweka NSSF asilimia 10 nyingine upande wake, ambayo mimi peke yangu sijawahi kujiwekea.

Karibuni.

#2 mkaa kijiweni

Nimekaa paleee nasubiri wenye ajira waje.

#3 Fundi Bango

Mleta uzi umeandika vizuri ila kuna barabara umeiruka. Wewe ulikuwa unauza masaa yako. Mimi nauza mita. Nilianza kama wewe, nachora kwa CorelDRAW, napeleka Kariakoo kuchapishiwa, faida inabaki kwa mwenye mashine. Nikanunua mashine. Leo mteja akitengeneza bango lake kwenye Canva mimi sikasiriki, alete tu nimchapishie, tena afadhali, sina marekebisho kumi na saba ya "ongeza logo iwe kubwa". Msimu wa kampeni, msimu wa harusi, mahafali ya shule, nachapa. Kwa nini uende kuwa mtumwa wa kijana aliyejifunza biashara YouTube?

#4 MchoraMistari (mleta uzi)

Fundi, heshima yako. Njia yako ni halali na ningekuwa na mtaji wa mashine huenda tungekuwa majirani. Lakini hiyo ni kufungua karakana, una fundi, una wino, una pango la duka. Uzi huu ni wa mtu ambaye kilicho chake ni kichwa na laptopu. Na bosi wangu hakujifunza YouTube, alikuwa anauza vinywaji vya jumla Temeke, ndiyo maana anajua maduka.

#5 Nairobi Mashariki

Salamu kutoka ng'ambo ya Namanga. Acha niongeze ya huku, kwa sababu sisi tumeonja hii kitu mapema kuliko nyinyi.

Kune, ile ya chakula, ilifunga 2022. Sendy ya usafirishaji ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi 2023. Copia, iliyokuwa inapelekea watu wa mashambani bidhaa kupitia mawakala, ikafuata 2024. Hizi si kampuni za gereji. Zilikuwa na wawekezaji wakubwa, ofisi safi, picha kwenye magazeti. Mfanyakazi alikuwa anasoma kwamba kampuni imepata mamilioni ya dola, anatulia, kumbe hizo mamilioni zinachomwa kila mwezi na duka lenyewe halijawahi kupata faida.

Kwa hivyo mimi huambia wabunifu: usiulize wamepata pesa ngapi. Uliza wanatumia ngapi kwa mwezi na zilizobaki zitatosha mpaka lini. Akikataa kujibu, hiyo ni jibu.

Na hesabu za huku ni zenu na zaidi: kando na kodi ya mshahara na NSSF kuna bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Ofa ikiandikwa kwa tarakimu ya juu, omba hati ya malipo ya mfano uone ya chini.

#6 Mdaiwa Sugu

Jina langu linajieleza. Mkuu, umesahau watu wetu. Bodi ya Mikopo je?

#7 MchoraMistari (mleta uzi)

Sijasahau ndugu yangu, nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe.

Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB na hujamaliza, mwajiri anatakiwa kukukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa ile 1,800,000 ni 270,000. Ile 1,306,000 inashuka mpaka 1,036,000. Hapo sasa swali linabadilika kabisa, na ndiyo maana nasema usikubali ofa kwenye simu. Mtu asiye na mkopo na mtu mwenye mkopo wakipewa ofa moja hawajapewa kitu kimoja.

Upande wa pili, deni hilo lipo hata ukijitegemea. Kutokatwa si kusamehewa.

#8 BintiTanga

Kaka, mimi nimeolewa mwaka jana na niko kwenye kujitegemea. Kila nikifikiria mtoto nafikiria pia nani atawajibu wateja nikiwa leba. Kwenye startapu hizi likizo ya uzazi ipo kweli au ni maneno ya kwenye karatasi? Halafu la pili: nimeombwa na kampuni moja nifanye "kazi ya majaribio", niwachoree kurasa zote za programu yao, bila malipo, ndani ya wikiendi. Ndiyo utaratibu?

#9 MchoraMistari (mleta uzi)

Dada yangu, sheria haimwangalii mwajiri kama ni startapu au kiwanda cha saruji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja. Likizo ya mwaka siku 28. Saa za kawaida 45 kwa wiki. Angalia mambo mawili: likizo za malipo zinataka uwe umetimiza miezi 6 kazini, na mwajiri unampa taarifa ya uzazi miezi 3 kabla.

Ujanja unaofanyika ni huu: wanakuandikia "mkataba wa mshauri" badala ya mkataba wa ajira. Unaripoti saa mbili asubuhi, unaomba ruhusa kwenda kliniki, bosi anakupangia kazi, lakini karatasi inasema wewe ni mkandarasi. Hapo NSSF hakuna, likizo hakuna, na unakatwa ile asilimia 5 kama mtoa huduma. Umebeba mabaya ya pande zote mbili. Ukiona neno mshauri wakati kazi ni ya ofisini kila siku, uliza kabla ya kusaini.

La pili, hapana. Kurasa zote za programu si majaribio, hiyo ni kazi, na kuna watu wanakusanya michoro ya waombaji kumi halafu hawamwajiri yeyote. Waambie utafanya kipande kimoja kidogo, au tatizo la kubuni lisilohusu bidhaa yao, au wakulipe. Mimi niliombwa nipitie ukurasa mmoja uliokuwepo na nieleze kwa mdomo ningebadilisha nini. Saa moja, tukamalizana.

#10 chizi wa rangi

Mkuu ulisema sababu iliyokutoa hasa utaieleza ukiulizwa. Nakuuliza. Na pia: mimi ni mtu wa Photoshop na Corel, kazi zangu zote ni za kuchapwa. Kwenye kuchora programu za simu nitaweza au nitaaibika?

#11 MchoraMistari (mleta uzi)

Haya, hili ndilo nilitaka kulizungumza tangu mwanzo, vumilieni litakuwa refu.

Kwenye kujitegemea kazi yako inaisha mteja akishasema "safi sana". Unatuma faili, unapokea salio, basi. Lebo ile iliuza asali au ilifukuza watu? Hujui. Ripoti ile ilisomwa au ilitumika kufungia karanga? Hujui. Unakuwa fundi hodari wa kumridhisha mtu anayelipa, ambaye mara nyingi siye atakayeitumia hiyo kazi. Mwisho unajifunza ladha za wenye kampuni, hujifunzi ubunifu.

Nilipoingia hapa nilikuta programu ina ukurasa wa kuandikisha mteja anayekopa. Unadai majina mawili, namba ya simu, kiasi, tarehe ya kulipa. Ukurasa msafi, umepangwa vizuri, ungeuonyesha kwa mwekezaji akafurahi. Wenye maduka walikuwa hawautumii. Wanapakua programu, wanarekodi mauzo siku chache, kwenye madeni wanarudi kwenye daftari.

Nikatumwa nikakae madukani. Mbagala, Tandale, Gongo la Mboto. Unakaa kwenye kreti la soda, unatazama tu. Ukisogea kwenye daftari unaelewa kila kitu. Mle ndani hakuna majina mawili. Kuna "Mama Zuwena", "fundi baiskeli", "yule wa bluu geti", "shemeji". Muuzaji hajui jina la pili la fundi baiskeli na hana sababu ya kulijua, na kumwomba namba ya simu mtu unayemwona kila asubuhi ni kumtukana, kana kwamba unasema atakimbia. Tarehe ya kulipa nayo haipo. Ipo "akipokea", ipo "mwisho wa mwezi", na kwa wengi ipo kimya tu, mtu analipa nusu akija kununua sukari.

Tukaufuta ule ukurasa. Sasa kuna sehemu moja ya kuandika chochote unachomwita mtu, na kiasi. Basi. Namba ya simu ni hiari, imefichwa chini. Tarehe imeondoka, badala yake orodha inawapandisha juu wale ambao hawajalipa chochote muda mrefu. Matumizi ya sehemu ya madeni yakapanda, na mimi niliyaona yakipanda, kwenye namba, wiki baada ya wiki. Kama ningekuwa mtu wa nje wangenilipa nipambe ule ukurasa wa majina mawili. Ningeupamba vizuri sana, ningelipwa, na usingetumika.

Hicho ndicho kilichonitoa. Hela ya ofa ilitosha kunifanya nithubutu, basi.

Chizi wa rangi, kuhusu uwezo wako: jicho ulilonalo la herufi, nafasi na mpangilio linahama nawe, na wengi waliojifunzia kwenye programu za simu hawana hilo jicho. Utakachojifunza upya ni kwamba kitu chako kitasogea. Bango lina ukubwa mmoja. Hapa unachora kwa mtu mwenye Tecno iliyopasuka kioo, mwanga umepunguzwa kuokoa chaji, jua la saa saba linapiga kaunta, na ana mikono yenye unga. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kile tunachokipenda sisi wabunifu, hakionekani kabisa. Vitufe vidogo havibonyezeki. Picha nzito zinajaza simu ambayo tayari imejaa video za vikundi vya WhatsApp.

Chombo ni Figma, kimekuwa wazi kwa umma tangu 2016 na kinafanya kazi ndani ya kivinjari, hakihitaji mashine kubwa. Kipo cha bure cha kuanzia. Kigumu si vitufe vyake. Kigumu ni kwamba mwandika programu, bosi na mtu wa mauzo wote wako ndani ya faili lako wakati unachora, wanaona kila unachofuta. Mimi nilizoea kumficha mteja mpaka kazi iive. Hapa hakuna kuficha, na kwa kweli mwezi wa kwanza ulinikera sana.

#12 mkaa kijiweni

"Yule wa bluu geti" 😂😂 Mimi nimo kwenye daftari la Mangi kama "mrefu". Uzi uendelee.

#13 Mtafuta Mtaji

Mimi niko upande wa pili wa meza, ni mwanzilishi, kampuni yangu ni ndogo, tuko Kijitonyama. Nimesoma nikacheka na nikaumia.

Kwa nini tunataka mbunifu wa ndani: kwa sababu hatujui tunachotaka. Nasema bila aibu. Mtu wa nje anahitaji maelezo kamili ili atoe bei, na sisi maelezo yanabadilika kila tukirudi kutoka kwa wateja. Tukimlipa kwa kila mabadiliko tunafilisika, tukimwambia abadilishe bure tunamdhulumu. Mwajiriwa anatatua hilo.

Nairobi Mashariki yuko sahihi kuhusu lile swali la hela zitatosha mpaka lini. Mwombaji akiniuliza simchukulii vibaya, namwona mtu mzima. Lakini muulize pia zinatoka wapi. Kuna kampuni zinaishi kwa ruzuku na mashindano tu. Ruzuku ina tarehe ya kuisha na ina kazi zake za ripoti, na mara nyingi mbunifu anageuka kuwa mtengeneza ripoti za mfadhili. Kuna zinazoishi kwa wawekezaji. Kuna chache zinazouza. Mshahara wa hizo tatu hauna uzito mmoja hata tarakimu zikifanana.

Kuhusu hisa sina la kusema kabla mleta uzi hajasema, nataka nione atatusema vipi.

#14 MchoraMistari (mleta uzi)

Nawasema kwa upendo, mkuu.

Hisa. Utaratibu uliozoeleka duniani kwenye startapu ni kwamba mgao wako unaupata kidogokidogo kwa miaka 4, na ukiondoka kabla ya kutimiza mwaka 1 hupati hata chembe. Hilo siyo wizi, ndivyo ilivyo. Pia wawekezaji wapya wakiingia asilimia yako inapungua, nayo ni kawaida. Na kampuni ikiuzwa, wawekezaji mara nyingi wana haki ya kurudishiwa hela yao kwanza, kwa hiyo asilimia 1 ya kampuni iliyouzwa kwa bei mbaya inaweza kuwa sifuri yenye saini.

Jambo ambalo sioni likisemwa ni hisa za kampuni IPI. Startapu nyingi za Afrika zinazotafuta wawekezaji wa nje zinasajili kampuni mama Marekani, jimbo la Delaware. Ya hapa inabaki kampuni tanzu, kama tawi tu. Ukiingia kwenye mfumo wa BRELA (wanaosajili kampuni hapa) ukatafuta kampuni ya hapa utaona wakurugenzi na wenye hisa wake, na unaweza kukuta mwenye hisa ni hiyo ya Delaware. Basi anayekuahidi asilimia 1, anakuahidi ya huku au ya kule? Thamani iko kule. Ukipewa ya huku umepewa kipande cha tawi.

Mimi hisa zangu zipo kwenye karatasi, za kule, na kwenye bajeti yangu ya nyumbani nimeziandika sifuri.

#15 Mtafuta Mtaji

Sina kipingamizi. Hilo la tawi limenikuna.

#16 Nairobi Mashariki

Hilo la Delaware wengi huku waligundua baada ya kampuni kufunga. Wakati huo hata kujua barua unaandikia nani ni shida.

#17 Fundi Bango

Haya nimesoma yote, ile ya daftari imenigusa. Bado nachapa mita. Swali: wateja wako wa zamani umewapeleka wapi? Maana mimi nawataka wa ripoti za asasi.

#18 MchoraMistari (mleta uzi)

😂 Fundi huwezi kukosa biashara hata msibani. Wawili nilimpa mwenzangu tuliyekuwa tunashirikiana naye Sinza, kwa makubaliano kwamba nikirudi mtaani tunagawana. Asasi moja nimebaki nayo.

Na hapa kuna kipengele cha kusoma kwa miwani: mikataba mingi ina mstari unaosema hutafanya kazi nyingine yoyote ya malipo wakati umeajiriwa. Wengine wanaongeza kwamba kila utakachobuni, hata usiku nyumbani, ni mali ya kampuni. Mimi niliomba iandikwe tofauti: kiambatisho chenye orodha ya wateja niliokuwa nao kabla, na sharti kwamba hawashindani na kampuni na kazi haifanyiki saa za ofisi. Wakasaini bila shida. Kipengele cha mali nikaomba kihusu kazi za kampuni tu. Waajiri wengi wanakopi mkataba kutoka mtandaoni, hawana hata sababu ya kung'ang'ania hicho kipengele, lakini lazima uombe KABLA ya kusaini.

Jingine la kisheria: ndani ya miezi 6 ya kwanza kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Baada ya hapo, ukiachishwa na unaona umeonewa, siku za kupeleka shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ni 30. Watu wanakaa miezi mitatu wanambembeleza bosi wa zamani, wakifika wanaambiwa wamechelewa.

#19 BintiTanga

Kaka ahsante. Nimewaandikia wale wa wikiendi kwamba nitafanya ukurasa mmoja tu. Wamesema sawa. Kumbe ilikuwa kuomba tu.

#20 kijana wa Mwenge

Wakuu shikamooni. Uzi umenikuta pabaya, nina ofa mkononi na wanataka jibu Ijumaa. Mshahara 900,000 kabla ya makato. Mwanzilishi kaniambia anajua ni mdogo ila nitapewa hisa asilimia 2, "wewe ni familia". Nimeomba iandikwe kwenye barua ya ofa, kasema mambo ya hisa mwanasheria bado anayashughulikia. Sasa hivi kwenye kujitegemea napata kama 800,000 mkononi kwa wastani, ila inachosha.

#21 MchoraMistari (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Hesabu kwanza: 900,000, toa NSSF 90,000, inabaki 810,000. Kodi hapo ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya 50,000, yaani 80,500. Mkononi 729,500. Una mkopo wa Bodi? Kama unao toa 135,000 nyingine.

Mwandikie leo barua pepe, si WhatsApp. Uliza: asilimia 2 ya kampuni gani, iliyosajiliwa wapi? Nitaanza kuipata lini na kwa muda gani? Barua ya hisa nitapewa kabla au baada ya kuanza kazi? Lugha ya heshima, mistari mitano inatosha. Majibu tuwekee hapa bila jina la kampuni.

#22 Mtafuta Mtaji

Kijana, asilimia 2 kwa mwajiriwa si ndogo. Mtu anayeimaanisha huwa ameshaumia kichwa kuipanga kabla hajaitamka. Namna anavyoijibu hiyo barua pepe itakuambia mengi.

#23 kijana wa Mwenge

Mrejesho. Sina mkopo wa Bodi. Amejibu asubuhi hii, nanukuu: "Hilo tutaliangalia baada ya muda wa majaribio, kwa sasa tuzingatie kazi."

#24 MchoraMistari (mleta uzi)

Basi jadili mshahara kana kwamba hiyo asilimia 2 hajawahi kuitamka. Ili usishuke chini ya 800,000 unayoipata sasa, ofa inabidi ifike kama 1,005,000 kabla ya makato. Taja 1,200,000 ili mkutane katikati, na omba Ijumaa isogezwe mpaka Jumatano.

#25 kijana wa Mwenge

Sawa kaka. Naandika sasa hivi.